"Njoo kesho" si jibu: Namna ya kuitisha habari kwa serikali ya kaunti

Karibu kila wadi hapa Pwani ina jengo lake ambalo watu wamechoka kuliuliza. Zahanati imefika kwenye lenta ikasimama. Soko lilifunguliwa kwa ngoma na hotuba, leo limetiwa kufuli na mama zetu wanauza mboga kando ya barabara. Kisima kilichimbwa, pampu haikuja. Barazani mwakilishi wadi husema pesa hazijatoka. Afisa wa kaunti husema mkandarasi amepotea. Mkandarasi akipatikana husema hajalipwa. Kila mmoja ana hadithi yake, na hakuna anayetuonyesha karatasi.

Karatasi hiyo ipo. Hakuna shilingi ya kaunti inayotakiwa kutoka bila hati, na hati hizo ziko katika faili fulani, kwenye kabati fulani, chini ya afisa anayelipwa kwa kodi yetu. Wazee wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari liko. Habari yake ndiyo hatuiitishi kwa njia inayomlazimu mwenye daftari kujibu.

Nimekuwa nikiwasaidia majirani na vikundi kuandika barua za kuitisha habari, na nimeona jambo moja linajirudia. Swali la mdomo hujibiwa kwa mdomo. Ukienda ofisini ukauliza, utaambiwa mkubwa ametoka, njoo kesho. Ukirudi kesho, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulikuja jana. Lakini barua iliyopigwa muhuri ina tarehe, na sheria inahesabu siku kuanzia tarehe hiyo. Makala haya yanaeleza sheria inasemaje, barua inaandikwaje, na ufanye nini ukinyamaziwa.

Sheria tatu za kukumbuka

Ya kwanza ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kinampa pia haki ya kupata habari zilizo kwa mtu mwingine, ikiwa anazihitaji ili kutumia au kulinda haki yake. Serikali inayotajwa hapo si ile ya Nairobi pekee, kaunti imo.

Ya pili ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Sehemu ya 96 inasema kila raia, akiomba, apewe habari zilizo kwa serikali ya kaunti au idara yake yoyote, na kwamba kaunti iteue ofisi ya kushughulikia jambo hilo. Kwa hivyo Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zote sita zina wajibu huu. Hakuna iliyosamehewa.

Ya tatu, na ndiyo utakayoitaja zaidi katika barua, ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016. Hii ndiyo iliyoweka siku, ada, adhabu na mahali pa kukata rufaa. Kabla yake haki ilikuwepo kwenye Katiba, lakini afisa aliweza kukaa na barua yako mwaka mzima.

Katika sheria hiyo ya 2016 yamo mambo ambayo wengi wetu hatukuambiwa:

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Sheria inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Karani akikwambia barua ya Kiswahili haipokelewi, anakosea.

Asiyeweza kuandika ana haki sawa. Kama mtu hajui kusoma na kuandika, au ana ulemavu unaomzuia, afisa anatakiwa kumsaidia, ayaandike maombi yake na kumpa nakala. Bibi wa Mkomani au mzee wa Garsen hahitaji kumtafuta wakili.

Hulazimiki kueleza sababu. Sheria inasema haki yako haiathiriwi na sababu unayotoa, wala na kile afisa anachodhani ndiyo sababu yako. Swali la "wataka ya nini?" au "umetumwa na nani?" halina nafasi.

Kuleta ombi ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala peke yake, na isizidi gharama halisi.

Kikundi pia kinaweza kuomba. Sheria inahesabu kuwa raia hata shirika la kibinafsi linalodhibitiwa na Wakenya. Kabla ya 2016 mahakama ziliwahi kuyakatalia makampuni haki hii kwa hoja kwamba raia ni binadamu tu. Sasa kikundi chenu cha akina mama au cha wavuvi, kikiwa kimesajiliwa, kinaweza kuandika kwa jina lake.

Yale ambayo hukupaswa hata kuyaomba

Sehemu ya 5 ya sheria hiyo inaitaka ofisi ya umma itangaze habari fulani yenyewe, bila kusubiri barua ya mtu. Mojawapo ni mikataba. Kaunti ikishatia saini mkataba, inatakiwa itangaze ni kazi gani inayofanywa, kiasi cha pesa, jina la aliyepewa kazi, na muda ambao kazi inafaa kukamilika. Soma tena orodha hiyo ukiifikiria ile zahanati ya lenta. Yote tunayobishania barazani yalipaswa kuwa hadharani tangu siku ya saini.

Bajeti nayo ina kalenda yake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na humo ndimo miradi ya mwaka unaofuata inapoanza kutajwa. Kufikia Februari 28 hufuata waraka wa mikakati ya fedha, unaogawa viwango kwa kila idara. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na hupitishwa kufikia Juni 30. Kisha kila baada ya miezi mitatu kaunti hutoa ripoti ya matumizi, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha, na inatakiwa kuichapisha.

Nyaraka mbili nyingine hutoka nje ya kaunti, na ni vyema uzisome kabla ya kuandika barua yoyote. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za namna kila kaunti ilivyotumia pesa zake. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hukagua hesabu za kila kaunti, na Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha kutoa ripoti. Zote hupatikana kwenye tovuti za ofisi hizo bila malipo. Mara nyingi ukurasa mmoja wa Mkaguzi Mkuu hukuonyesha mradi uliolipiwa na haukumalizika, na hapo tayari unajua uulize nini.

Uliza karatasi, usiulize lawama

Hapa ndipo barua nyingi zinapokufa. Watu huandika: "Tunataka kujua pesa zetu zilienda wapi." Uchungu wake naufahamu, lakini afisa hawezi kufungua kabati akatoa faili linaloitwa "pesa zetu zilienda wapi". Atakujibu kwa maneno matupu, na kisheria atakuwa amejibu. Geuza swali liwe jina la karatasi.

Kama ni jengo lililokwama, itisha mkataba, BQ, yaani ile orodha ya kazi na bei zake, vyeti vya malipo aliyolipwa mkandarasi hadi sasa, na ripoti za ukaguzi wa kazi. BQ ikisema mabati ya geji fulani na jicho lako linaona mengine, mazungumzo yamebadilika.

Kama ni basari ya kaunti, itisha vigezo vilivyotumika, muhtasari wa kikao cha kamati, na kiasi kilicholipwa kwa kila shule. Majina ya watoto yanaweza kuzuiwa kwa ajili ya faragha, na ni haki. Idadi yao na kiasi cha pesa havina sababu ya kufichwa.

Kama ni hospitali isiyo na dawa, itisha hati za kupokelea dawa kutoka KEMSA kwa miezi unayoitaja. Hati hizo huonyesha kilichofika na siku kilipofika. Kama dawa zilifika Jumatatu na Ijumaa mgonjwa akatumwa dukani, kuna la kuuliza. Kama hazikufika, basi muuguzi tunayemlaumu hana kosa.

Kama ni njia ya kuendea ufuoni iliyozibwa kwa ukuta, itisha ramani ya mpango wa eneo iliyoidhinishwa, pamoja na kibali cha ujenzi kilichotolewa. Mipango ya ardhi ni kazi ya kaunti. Rekodi za hatimiliki ziko kwa msajili wa ardhi, ambaye ni wa serikali kuu.

Kama ni ushuru wa soko au wa diko, itisha Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, ambayo ndiyo inayoweka viwango, na rekodi ya makusanyo ya mahali hapo. Mvuvi anayetozwa zaidi ya kiwango kilichoandikwa atajua siku hiyo hiyo.

Ujue pia mlango wa kubisha. Zahanati na hospitali nyingi za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko na barabara za mitaani ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na NG-CDF ni za serikali kuu. Sheria ya 2016 inazibana ofisi hizo zote, ila barua iende kwa mwenyewe. Ukikosea, ofisi uliyoiandikia inatakiwa kuihamishia barua kwenye ofisi husika ndani ya siku 5.

Mfano wa barua

Barua isiwe ndefu. Hii hapa inaweza kunakiliwa na kujazwa:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, Serikali ya Kaunti ya (jina).

KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA NAMBARI 31 YA 2016

Mimi ni raia wa Kenya na mkaazi wa wadi ya (jina). Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu ujenzi wa zahanati ya (jina), mwaka wa fedha (taja mwaka):

1. Mkataba kati ya kaunti na mkandarasi.
2. Orodha ya kazi na bei zake (BQ).
3. Vyeti vya malipo yote yaliyofanywa hadi leo.
4. Ripoti za ukaguzi wa mradi.

Naomba nipewe nakala za karatasi, au nitumiwe kwa barua pepe. Niko tayari kulipia gharama ya nakala kama sheria inavyoruhusu. Nasubiri jibu ndani ya siku 21.

Jina, sahihi, tarehe na nambari ya simu."

Kisheria mkuu wa kila ofisi ya umma ndiye afisa wa upatikanaji wa habari, na anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo. Usipomjua aliyeteuliwa, andikia Katibu wa Kaunti, kwani yeye ndiye mkuu wa utumishi wa umma wa kaunti. Kwa habari za bunge la kaunti, andikia Karani wa Bunge.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Wakikataa kuipiga muhuri, itume kwa barua pepe ya ofisi na uhifadhi ushahidi wa kutuma. Nakala hiyo ndiyo nguvu yako yote katika hatua zinazofuata. Itie plastiki kama unavyotia cheti cha kuzaliwa.

Hesabu ya siku

Afisa ana siku 21 tangu kupokea barua. Ukipeleka Machi 3, hesabu inaisha Machi 24. Anaweza kujiongezea siku zisizozidi 14, mara moja tu, kama hati ni nyingi mno au anahitaji kushauriana na wengine. Lakini kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Mzazi anayetafuta rekodi ya hospitali kuhusu mwanawe aliye taabani hasubiri wiki tatu.

Siku zikiisha bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Jambo hili ni zuri kwako kuliko linavyosikika. Kimya chao kinageuka uamuzi, na uamuzi unaweza kupingwa.

Unaupinga katika Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaijua kama Ombudsman. Una siku 30 za kuiomba ipitie uamuzi huo. Huduma zake hazilipiwi, na ina ofisi ya tawi Mombasa. Unapeleka nakala ya barua yenye muhuri, jibu kama lipo, na maelezo mafupi. Tume inaweza kuwaita maafisa na kuagiza habari zitolewe. Asiyeridhika na agizo lake ana siku 21 za kwenda Mahakama Kuu.

Kuna adhabu pia. Afisa anayekataa kupokea ombi, anayekataa kumsaidia asiyeweza kuandika, au asiyejibu kwa wakati, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Kuharibu au kuficha rekodi ili isitolewe pia ni kosa la jinai. Sisemi uingie ofisini ukitishia watu; makarani wengi wanafuata amri za wakubwa wao. Lakini ni vizuri wajue kwamba unajua.

Wanapokuwa na haki ya kukunyima

Si kila kitu hutolewa. Sehemu ya 6 inaruhusu kuzuia habari zinazoweza kuhatarisha usalama wa taifa au maisha ya mtu, kuingilia faragha ya mtu bila sababu, kudhuru maslahi halali ya kibiashara, au kuharibu msimamo wa ofisi katika kesi iliyo kortini. Hata hivyo mahakama inaweza kuamuru zitolewe, ikiona manufaa ya umma yanazidi madhara.

Neno ninalolisikia mara nyingi ni "hiyo ni siri ya ofisi". Siri ya ofisi peke yake si sababu. Omba uandikiwe ni kipengele gani cha sheria kinachotumika. Bei ya mkataba uliolipwa kwa pesa za umma haiwezi kuitwa siri ya biashara, wakati sehemu ya 5 inasema bei hiyo hiyo itangazwe.

Pwani tumewahi kushinda

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni aikumbuke kesi ya reli ya SGR. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba kwa barua mikataba ya reli hiyo. Hawakupewa. Wakaenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba haki yao ya kupata habari ilikiukwa, na kuamuru hati zitolewe. Novemba mwaka huo aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akachapisha sehemu ya mikataba ya mkopo ya 2014. Ilianza kwa barua.

Lamu nako, Aprili 2018, majaji waliosikiza kesi ya wavuvi kuhusu mradi wa bandari ya LAPSSET waliona kwamba wakaazi hawakushirikishwa wala kupewa habari ipasavyo, na wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mtu hawezi kushirikishwa katika jambo ambalo hajaonyeshwa karatasi zake.

Kesi hizo zilihusu miradi mikubwa ya taifa, na zilichukua miaka. Zahanati yenu haihitaji jaji. Inahitaji watu wawili au watatu wenye nakala yenye muhuri, na kalenda ukutani.

Ukishazipata hati, usizifungie sandukuni. Zisomeni pamoja, msikitini baada ya swala, kanisani, au katika mkutano wa kikundi. Kisha nendeni nazo kwenye vikao vya bajeti kabla ya Juni 30, wakati pesa za mwaka unaofuata bado zinagawanywa. Afisa akisema mkandarasi hajalipwa na ninyi mna cheti cha malipo mkononi, kikao hicho hakitafungwa kwa ahadi.

Chagueni mradi mmoja, ule unaowauma zaidi, na muandike barua moja wiki hii. Mkiambiwa mje kesho, waulizeni kwa adabu: "Kesho gani, na mtatuandikia?"